Mugongo ya Tablo

Kwa familia ya bwana yangu, mujane hasemi mbele ya batu mpaka siku ya kuondoa kilio. Miezi kenda. Unavaa nyeusi, unakaa, unanyamaza. Muntu akiuliza, "Mama, umelala muzuri?" shemeki yako njo anajibu: "Amelala muzuri." Amejuaje? Hajui. Lakini anajibu, tena na sauti ya mukubwa.

Shemeki yangu ni Dominique, kaka mukubwa ya marehemu bwana yangu Joachim. Eko na tumbo, eko na kofia, eko na jibu ya kila kitu, zaidi ile yenye hajui. Minye ni Mama Plamedie, mujane ya kunyamaza, miezi sita ilishapita, tatu inabakia. Lakini musidanganyike. Mama yangu hakuzala muntu ya kunyamaza. Mu ile miezi sita nilimutukana Dominique asubui na mangaribi, mu kichwa tu, na kuko matusi yenye nilivumbua mwenyewe.

Siku ya posho, Jumamosi, saa tatu ya asubui, alikuya kunikamata ku nyumba.

"Vaa, Mama Plamedie, tunaenda ku radio. Banazungumuza juu ya Joachim. Jina ya marehemu ikiitwa, mujane anapaswa kuwa pale."

Sheria yao njo ile: uwe pale, na usikuwe pale. Nilivaa.

Ile radio iko Kikula, juu ya duka ya vipande ya pikipiki. Kila siku ya posho iko na émission, kipindi inaitwa Akili ya Likasi, na mule mutangazaji Germain anaalika baandikaji, bachoraji na batu ya kufikiri. Germain haulizi. Anahubiri, kisha ku mwisho anaweka "ao namna gani?" Mualikwa anangoja swali, anangoja, na wakati swali inafika saa imeisha. Mu mutaa banamupenda sana. Hata minye, mbele ya kilio, nilikuwa namusikiliza nikitwanga sombe, majani ya muhogo, na nilikuwa namujibu kupita baalikwa bake.

Siku ile ilikuwa "heshima kwa Maître Joachim Tshiyoyo, muchoraji mukubwa ya Likasi." Maître, fundi mukubwa! Joachim angesikia ile, angegeuka kuangalia nani anaingia.

Ngojeni nibaambie kitu. Joachim hakujua kuchora hata yai. Alikuwa karani ku usine, kiwanda ya muji, miaka kumi na tano, na wakati kazi ilikwisha alibaki na mukono ya kuandika muzuri, basi. Mwenye alikuwa anachora njo minye. Jikoni, pembeni ya sufuria ya bukari, ugali yetu, juu ya mifuko ya unga yenye nilifumua, nikafua, nikapaka uji ya muhogo, nikakausha ku jua. Barrage ya Mwadingusha, ile bwawa ya umeme, bachimbaji ya Kambove, mission ya Kapolowe na mashamba yake ya mahindi, yote ilitoka pale, kati ya chumvi na mafuta.

Tablo ya kwanza niliibeba soko mwenyewe. Batu balisimama, balipenda, kisha baliuliza: "Nani alichora?" Minye. "Weye? Na bwana yako eko wapi?" Hakuna mwenye alinunua. Kesho yake Joachim alichovya burashi mu rangi nyeupe, akaweka jina yake ku kona, na ule mukia murefu ya saini yenye alikuwa anaweka ku barua za usine. Mbele ya saa sita tablo ilienda. Siku ile tulicheka mpaka bukari ikaungua. Nilimupenda sana ule mwanaume, niseme wazi. Ule muchezo wetu ulifanya miaka makumi mbili na mbili, na siku alikufa njo nilijua kama niliucheza vibaya.

Juu kwa familia yao, kitu chenye mwanaume alifanya na mikono yake, akikufa, ni ya kaka yake. Wiki moya nyuma ya maziko, Dominique alitosha tablo kumi na ine ku kuta zangu, akazibeba kwake, mutaa ya Panda. Na sasa, kesho kutwa, siku ya kwanza ya kazi, gari ya nyumba moya ya sanaa ingetoka Lubumbashi kuya kuzikamata. Hesabu yake ilikuwa nzuri: zitakuwa zimeenda mbele ya mudomo yangu kufunguliwa.

Kumi na tatu, bazibebe, sitakufa. Lakini mu kati yao muko mutoto yangu Dan. Dan alikufa na malaria akiwa na miaka kenda, na hatukuwa na photo yake hata moya. Nilimuchora mwezi ule ule. Ni tablo moya tu ya maisha yangu yenye iko na sura, juu pua inanishindaka. Angalieni kazi yangu yote, batu banageuza mugongo. Dan peke yake anaangalia. Nilikuwa namusalimia kila asubui. Dominique alimutosha ku musumari nikiwa nimekaa ku mukeka, na sikusema kitu. Ile siku sitaisamehe, si kwake, si kwangu.

Bon. Studio. Meza, mikro ine, na ku ukuta tablo ya Mwadingusha yenye Joachim alipatiaka radio zawadi. Ku mikro moya alikaa Profesa Théophile ya Lubumbashi, mwembamba, miwani ku paji ya uso, mwenye aliandika kurasa mia mbili juu ya kazi ya Maître. Kwetu hakufika hata siku moya, hata kunywa mayi.

"Kila mualikwa aseme jina na kazi," Germain alianza. Ni desturi yake.

Profesa alisema yake. Ilikamata dakika tatu. Kisha: "Dominique Tshiyoyo, kaka ya Maître, mulinzi ya kazi yake." Mulinzi! Kuku na mbweha wake. Kisha Germain akanisukumia mikro.

"Huyu ni mujane," Dominique alijibu. "Hasemi."

"Na kazi yake?"

"Alikuwa anapika."

Nilipumua. Basikilizi bote ya Likasi balisikia pumzi yangu, na njo yote balipata kwangu mu nusu saa ya kwanza.

Germain alihubiri juu ya sanaa, juu ya shaba, juu ya babu yetu benye baliacha Kasai kuya kuchimba, juu ya roho, na karibu ya mwisho akakumbuka kama kuko baalikwa. "Basikilizi habaoni hii tablo, Profesa. Utuelezee. Ao namna gani?"

Théophile alisimama mbele ya ukuta, akashusha miwani.

"Barrage, ndiyo. Mayi, nguvu, courant. Lakini angalieni chini, ku kona. Maître anaweka mbwa mwekundu ya miguu tatu. Tatu! Nilifikiri juu ya ule muguu wa ine miaka mbili. Ule muguu wenye hauko, bandugu, ni utamaduni yetu. Taifa inachechemea, na mbwa anajua. Na nyuma, ule mwanamuke wa ndoo, hana uso. Ni mwanamuke mwenye historia ilimunyima sura."

Mwanamuke nilivumilia. Mbwa, hapana. Niliuma midomo. Nilifikiri juu ya kaburi. Nilifikiri juu ya jino yangu yenye inauma. Haikusaidia kitu. Nilicheka, na si kicheko ya kuficha na kitambaa, ile kubwa ya tumbo, ya soko, yenye inaita batu ya upande ya pili. Nyuma ya kioo Viviane, fundi ya sauti, alitosha haraka vyombo vyake ku masikio.

Dominique aliruka. "Mujane anacheka! Ku radio! Mama Plamedie, utalipa faini ya mbuzi!"

"Nitalipa," nilisema.

Sauti ilitoka na kutu ya miezi sita, lakini ilitoka. "Profesa, samahani sana. Muguu wa ine uko chini ya mbao. Joachim alipigilia kadre vibaya. Ngoa misumari, utaukuta."

Théophile aligeuka pole pole. "Mama, unajuaje?"

"Juu minye niliuchora. Mbwa ilikuwa ya jirani. Ni nyekundu juu rangi ingine ilikwisha. Na ule mwanamuke hana uso juu pua inanishinda, historia haiko mule."

Nilipomaliza ile neno ya mwisho nilisikia haya kidogo. Kwa ule mwanamuke, Profesa alikuwa amegusa kitu bila kujua. Sikumuambia. Alikuwa anajisikia ya kutosha.

"Uongo!" Dominique alipiga meza. "Kilio kimemuharibu kichwa! Batu ya Likasi, musisikilize!" Pale njo Likasi yote ilisogelea radio.

Germain alinikazia macho, na mara ya kwanza mu kazi yake aliuliza swali ya neno tatu: "Mama, kuko alama?"

Alama gani unaonyesha ku radio? Dominique akaanza kutabasamu, na ile tabasamu njo ilinikumbusha shingo ya kuku, na shingo ya kuku ikanikumbusha mugongo ya tablo. Ee Mungu! Mu nyumba yetu kaye, daftari, zilikuwa za masomo ya batoto, muguse na mukione. Kitu cha kukumbuka, wakati rangi inakauka, niliandika na krayo ku mugongo ya mufuko. Ya jikoni, ya kazi, ya hasira. Joachim hakugeuza tablo hata moya. Hakuna mwenye anageuza tablo.

"Geuza ile yenu," nilisema.

Germain alipanda ku kiti, akaitosha ku musumari. Vumbi, na mujusi, wenye ulianguka juu ya kofia ya Dominique na ukakaa pale. Germain alisoma ku mikro:

"'Chumvi. Sabuni. Kumuambia Joachim suruali yake imepasuka nyuma, anatembea nayo tangu siku ya Mungu. Kumuambia asipigilie ku kona, kuko muguu ya mbwa.'"

"Kuandika si kuchora!" Dominique alisema.

Viviane aliingia na tournevis, bisibisi. Hakuna mwenye alimuita. Aliipatia Profesa mu mukono, na ule muntu ya kurasa mia mbili akapiga magoti, akangoa musumari wa kwanza, wa pili, mbao ikalia, na basikilizi balisikia yote. 

"Uko," Théophile alisema. Sauti yake ilikuwa ya muntu mwenye amepoteza miaka mbili. "Uko na vidole."

"Ine," nilisema. "Hesabu."

Alihesabu. Ine.

Nilikamata mikro na mikono mbili. "Batu benye beko na tablo ya Tshiyoyo ku nyumba, ni Mama Plamedie anasema. Zigeuzeni. Mutusomee ku telefone."

Dakika moya, hakuna kitu. Dakika mbili.  Nilijiambia, batu bamezitupa, ao panya bamezikula, ao krayo imefutika. Kisha telefone ikawaka.

"Allô? Ni Willy, ya bar hapa Kikula. Ya kwangu ni bachimbaji ya Kambove. Nyuma inasema: 'Shemeki Dominique alifika saa ya kula. Alikula kifua, mabawa na shingo. Alituachia mashauri.'"

Germain aliweka kichwa ku meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Allô, ni Padri Stanislas, Kapolowe. Ya kwetu iko mahali tunakulaka. Inasema: 'Padri anataka mahindi ikuwe mingi kupita namna iko. Nimemuongezea. Mungu anaona.'" Alikohoa. "Mama, ni kweli, niliomba vile. Nilifikiri niko namuambia Joachim. Kumbe Joachim alikuwa anabeba habari tu."

"Joachim alikuwa mubebaji muzuri, Padri," nilimujibu, na ilikuwa kweli.

Dominique alikuwa anatoka jasho, lakini eko na jibu ya kila kitu. Alijiinamia ku mikro, mujusi bado ku kofia.

"Bon! Zile zilichorwa na mwanamuke, sawa! Lakini kumi na ine za kwangu ni za Joachim. Mikono ya kaka yangu! Ku mugongo yao hakuna kitu, na siku ya kwanza zinaenda Lubumbashi. Neno imekwisha."

Hakuwa amezigeuza. Nilijua vile nilivyomuona, na nilijua pia kama mpaka mangaribi atakuwa amepita ku ile migongo na kitambaa na sabuni. Na minye niko Kikula, zile tablo ziko Panda, na mulango ni yake. Nilisema mu roho, Dan, mutoto yangu, nimechelewa tena.

Telefone iliwaka.

"Allô. Ni Suzanne. Bibi ya Dominique."

"Suzanne! Kata telefone!"

"Kata weye." Suzanne ni mwanamuke ya sauti ndogo. Miaka yote nilimujua, hakupandisha sauti, na hata siku ile hakupandisha. "Niko mu salon. Nimegeuza zote kumi na ine, ziko ku ukuta na migongo inje. Zote ziko na maandiko. Nianzie wapi? Hii: 'Dominique ameomba tablo ya bure tena. Joachim amekubali. Minye sikuulizwa.' Hii: 'Mawingu imenishinda, kesho nitaifuta.' Hii: 'Suzanne amenipa sombe na hakumuambia bwana yake.'" Alicheka kidogo. "Ilikuwa vile kabisa."

Kisha nilisikia hatua zake, na nilijua ile yenye alikuwa amefikia.

"Mama Plamedie," alisema, "kuko hii ya mutoto."

"Soma," nilisema.

"'Dan. Miaka kenda. Leo pua imenikubali. Joachim alikuya na burashi nyeupe ya kusaini. Alimuangalia mutoto, akarudisha burashi mu kopo. Tulilia.'" Tulisikia kitu kinasogezwa. "Nimemugeuza mbele. Nimeangalia kona zote. Ni kweli, hakuna saini."

Ku radio kimya ni zambi. Viviane eko na kitufe ya muziki ya kujaza kimya. Hakukigusa. Germain hakuhubiri. Profesa alitosha miwani akaifuta na shati. Nililia pale mbele ya mikro, bila kitambaa, na kama Likasi yote ilisikia, isikie. Sikulia vile siku ya maziko.

Dominique alitosha kofia. Mujusi uliona mulango, ukaenda. "Lakini mbuzi..." alisema.

"Dominique," Suzanne alisema mu telefone, "kuya uzikamate zote kumi na ine uzirudishe leo, mbele ya kula. Kama haziko kwake, bukari yako itakuwa ku mulango ya majirani."

Mbele ya kufunga émission, Germain alinirudishia mikro. "Tulikosa desturi na Mama. Jina na kazi?"

"Rosalie Ntumba. Ninachoraka," nilisema. "Kupika pia ninapika, lakini Dominique atafute mahali pengine."

Dan alirudi ku musumari wake siku ile ile, mangaribi haijafika. Dominique mwenyewe alimubeba, na alinisaidia kumunyoosha, juu kwa ukweli si muntu mubaya, ni muntu ya kujibu. Gari ya Lubumbashi ilikuya siku ya kwanza ikakuta mulango yangu, na sikubapa kitu. Nilibaambia barudi nikimaliza kusaini. Profesa naye alirudi, na kaye, akauliza bintu, na wakati huu alikunywa mayi.

Mbuzi, familia balitaka bado, juu sheria ni sheria. Nilibachorea moya, mukubwa, miguu yote ine mbali na kadre. Jina yangu iko ku kona, bila mukia. Ile mbuzi iko na pua ya Dominique, kabisa yake, na Suzanne alimupachika mu salon, mbele ya kiti yenye Dominique anakaaka akikula. Ni mara ya pili mu maisha yangu pua inanikubali.